Niko Hapa Nyuma ya Hema

Jumapili, 24 Agosti. Kayole.

Kesho nasafiri. Siri kubwa! Hakuna mteja anayejua, na hakuna atakayejua.

Sababu ya safari ni dada yangu Njoki. Amejifungua mtoto wa kike huko Kigali alikoolewa. Mama lazima aende kumwogesha mjukuu, na Mama hapandi ndege bila mwanawe wa kumshika mkono. Kaka zangu wawili wana kazi za ofisi. Mimi nakodisha mahema na viti, kwa hiyo machoni pa familia sina kazi. Sikubishana sana, kwa sababu tiketi ni ya Njoki.

Tatizo ni Jumamosi. Siku hiyo Mzee Muriuki wa Buruburu ana ruracio, wakwe wanaleta mahari ya binti yake Mukami. Mahema matatu, viti mia na hamsini, spika, maikrofoni isiyo na waya. Sijawahi kupata kazi kubwa hivi. Na si hiyo tu! Mzee ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na Jumapili ijayo wanachagua mtu mmoja wa kuleta mahema kwa kila harusi, kila harambee, kila mazishi. Mzee akiridhika, mimi nimekuwa mtu. Asiporidhika, nitazeekea kwenye sherehe za watoto za kukata keki.

Sharti lake ni moja. Mwenye mahema awepo mwenyewe. Anasema hema lisilo na mwenyewe huanguka. Nimemwahidi nitakuwa pale tangu asubuhi, kamba mkononi.

Basi, mpango. Sylvance, fundi wangu wa kusimamisha mahema, anaijua kazi hii kunishinda. Yeye atasimamisha. Mimi nitakuwa mtandaoni kutwa, najibu kila simu kana kwamba niko stoo. Biashara siku hizi ni simu. Nani anaona uliposimama?

Adui ni Maurine. Ana mahema mapya, na stoo yake inatazamana na yangu. Mwaka jana nilipoenda Nyeri kumzika mjomba, aliwaambia wateja wangu nimehamia ushago kulima viazi. Niliporudi watu walikuwa wananiuliza bei ya gunia.

Leo kanisani Mama amesimama akaomba aombewe safari ya Rwanda, yeye "na kijana wangu". Mama! Kumwaga mtama penye kuku wengi! Maurine, aliye kwenye kwaya, aligeuza shingo yote. Bahati nzuri Mama ana vijana watatu na hakutaja jina.

Nimeoga kwa kikombe. Mifereji Kayole imekauka, wiki ya pili sasa. Angalau Kigali nitaoga kama binadamu.

Jumatatu, 25 Agosti. Kigali.

Tumefika. Njia nzima Mama alimshika mkono mhudumu wa ndege. Mimi nilibebeshwa kikapu cha unga wa uji.

Mtoto ni mzuri. Sijambeba, simu ilikuwa inaita.

Shida! Kigali kuna kimya. Kimya cha kutisha. Nyumba ya Njoki iko mlimani, barabara imefagiwa, hakuna honi, hakuna mtu anayegombana na mtu. Hata kuku wa huku wananong'ona. Mzee Muriuki amepiga, na kabla ya salamu akauliza mbona kimya hivyo, niko wapi? Nikasema niko kanisani. Jumatatu, saa tano asubuhi! Mzee alifurahi mno. Hakujua mimi ni mtu wa maombi. Akaniomba niiombee ruracio palepale, naye asikie. Nikaomba. Mama akapita na beseni, akasema amina mara tatu.

Siwezi kuendelea hivi. Nitakuwa mchungaji kabla ya Jumamosi.

Jioni wazo likaja. Wazo tamu mpaka nikasimama! Nimempigia Sylvance nikamwagiza atoke nje ya stoo, Spine Road, arekodi kelele na anitumie. Akauliza kelele gani. Nikasema zote. Akajibu: "Boss, kwani huko mmekula nini?" Watu wa ujenzi hawana maono.

Jumanne, 26 Agosti. Kigali.

Rekodi imefika! Nimeisikiliza nimefumba macho. Makanga wa matatu anaita watu wa tao, wa kwenda mjini. Fundi wa vyuma anapiga chuma. Muuza mayai na kipaza sauti chake. Redio ya kinyozi, mbwa, ugomvi mdogo kuhusu chenji. Mwishoni kabisa mama mmoja anatoa sauti kali, "Maji imekuja! Maji imekuja!" Nyumbani kabisa.

Njoki alitokea mlangoni na mtoto begani. Mtoto alikuwa amelia tangu alfajiri, lakini aliposikia makanga akanyamaza. Njoki akasikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho, akasema ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa anapika. Nikamwambia asubiri, nina kazi.

Utaratibu: simu mpya sikioni, ya zamani yenye rekodi karibu na mdomo. Wa kwanza alikuwa Matheka, mwenye pale pa kuosha magari, anataka hema la kivuli. Makanga akaita, chuma kikalia, Matheka hakushuku kitu. Tukiwa tunakaribia kuelewana akasema, "Ngoja, ngoja!" akakata. Hachukui tena. Akafuata Bilan wa duka la vitambaa, anataka viti vya harusi ya mpwa wake. Mazungumzo matamu. Ghafla akawaita watoto wake wote kwa majina, akakata.

Mtandao! Hakuna kingine. Nimenunua laini ya hapa Kigali kama akiba. Kisha nimepanda ukutani kutafuta mawimbi. Shemeji, mume wa Njoki, ni mtu mpole anayepiga pasi hata leso. Alisimama chini akaniuliza kwa heshima kama nimepoteza kitu huko juu. Nikamjibu nimepoteza wateja wawili.

Jumatano, 27 Agosti. Kigali.

Asubuhi nimeweka picha ya mahema kwenye status: Kazi inaendelea, karibuni Kayole! Mtu mmoja akauliza mbona kuna mapambo ya Krismasi. Nimeifuta.

Halafu Maurine mwenyewe akapiga! Eti anataka kuazima viti kumi. Uongo mtupu, alitaka kujua kama niko. Nikabonyeza rekodi. Nikamwacha asikilize Spine Road vizuri huku nikilalamika kuhusu vumbi. Mwishowe akasema, "Haiya! Kumbe uko?" akakata mbio. Nimemshinda! Nimecheza sebuleni. Mtoto alicheka, ingawa Mama anasema ni gesi.

Mchana Sylvance akapiga, anahema. "Boss, huku watu wamejaa na mitungi, wanataka maji. Niwashow nini?" Nikauliza maji gani. Anasema Matheka yuko pale, Bilan yuko pale na watoto wote, na mbele yao Maurine na mitungi minne, akiapa kwamba amesikia kwa masikio yake maji yametoka kwangu. Wanasema nina bomba la siri ndani ya stoo. Wameinua hema la pili wakitafuta mfereji. Wanauliza niko wapi, na Sylvance anawaambia nimetoka tu saa hii. Nimempongeza kwa hilo. Lakini Maurine huyu! Anachochea umma dhidi yangu hivihivi, bila sababu yoyote.

Jioni, Mzee Muriuki. Rekodi nayo ikaenda. Mzee akaniuliza kama maji yametoka huko kwetu, maana anamsikia mama mmoja akisema yamekuja.

Nikapoa. Kumbe! Wote wale! Lazima Sylvance alirekodi jioni ile mfereji wa ploti ulipotema maji kwa muda wa kikombe cha chai, kisha ukakauka tena. Na mimi nimekuwa nikiwawekea rekodi watu wasiooga wiki mbili, nikiwaambia maji yamekuja!

Hapo ningesema ukweli. Ulikuwa umefika ulimini kabisa. Lakini Mzee akaendelea kwamba Buruburu nako ni kukavu, Jumamosi kuna watu mia na hamsini wa kupikiwa, na wapishi wamegoma kuanza bila maji. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama kweli kwangu yapo.

Nikasema yapo tele. Nikasema nitamletea, lori zima, pamoja na mahema.

Akanibariki.

Alhamisi, 28 Agosti. Kigali.

Mama ameusikia mkasa wote. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hii imefika Kigali. Akasema akili ni nywele, akanitazama kipara, akaondoka na nepi zake.

Maji. Mtu wa lori la maji anayeaminika upande wetu ni mmoja tu: Amolo. Na Amolo ni kaka wa nani? Wa Maurine! Lakini sikuzaliwa jana. Namba yangu anaijua, kwa hiyo nimempigia kwa laini ya Kigali. Nimekaza sauti, nikajiita Padri Ezekieli, nataka lori la maji Buruburu, Jumamosi mapema, kwa Mzee Muriuki. Alikuwa karibu kukubali. Lakini kidole changu! Kidole kimezoea! Kikabonyeza rekodi, yule mama akatoa sauti yake, na Amolo akauliza kama maji imekuja huko, Father, basi lori ni ya nini? Akakata.

Nikapiga tena bila rekodi. Akauliza mbona sasa kimya namna hii. Nikasema nimeingia chumba cha maombi. Akasema, "Sawa, Father, niombee gari, gearbox inasumbua." Nikaiombea. Wiki hii nimetenda dhambi katika madhehebu mawili. Lakini lori litakuja!

Nimemwomba shemeji anikatie ule mwisho wa rekodi, naye amekata vizuri. Sasa kwenye simu ya zamani kuna rekodi mbili, nzima na fupi. Kuzitofautisha ni rahisi. Ile fupi iko juu. Au chini.

Ijumaa, 29 Agosti. Kigali.

Kila kitu tayari. Sylvance amepakia. Kesho nitampigia Mzee kila mara na kumwambia niko nyuma ya hema, nashika kamba. Kwenye sherehe nani huenda nyuma ya hema? Huko kuna kamba na mbuzi tu.

Njoki aliniuliza kama nitambeba mtoto kabla sijaondoka. Nikasema nikimaliza simu hii. Akasema amehesabu "simu hii" nyingi tangu Jumatatu. Hajui biashara.

Usiku shemeji akatangaza, akipiga pasi suruali ya kazi, kwamba kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda. Mtaa mzima hutoka asubuhi kufanya kazi ya pamoja, kisha mkutano. Nikasema mimi ni mgeni. Akasema kwa upole kwamba ameshawaambia majirani shemeji yake ni mtu wa kazi, na wanataka kumwona. Nikauliza kuhusu simu. Akasema watu huziacha nyumbani.

Amenipa gambuti, viatu virefu vya mpira. Gambuti ni mbili. Simu zangu ni mbili!

Jumamosi, 30 Agosti. Kigali.

Mungu wangu.

Nilichimba mtaro na simu mbili miguuni. Nikawa natembea kama bata, na mzee mmoja akanionea huruma akanipa fagio. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Sylvance alikuwa ametuma ujumbe: mahema yamesimama, lori la Amolo limefika, wakwe wamekaa, wapishi wamewasha moto na mapipa yanangoja kujazwa.

Ukaja mkutano. Watu wameketi kwenye nyasi, kiongozi wa mtaa anaongea taratibu, kimya kama kawaida yao. Gambuti la kulia likaanza kutetemeka. Mzee Muriuki! Nikainama nyuma ya mama mmoja mwenye mabega mapana, nikapokea. Mzee alisema wageni wanataka kunishukuru kwa maji, nitoke nisalimie. Niko wapi?

"Niko hapa nyuma ya hema," nikanong'ona. "Nashika kamba."

"Gichuru," akasema Mzee, "mimi ndiye niko nyuma ya hema. Tuko wawili tu, mimi na mbuzi."

Sauti yake ilikuwa na mwangwi. Kumbe alikuwa amekuja na maikrofoni, ameishika karibu na simu! Maikrofoni yangu! Kila neno lilikuwa linatoka kwenye spika zangu mbele ya wakwe. Akili ikaruka. Nikafikiri, akisikia kelele za kazi ataamini niko upande wa pili wa hema. Nikachomoa simu ya gambuti la kushoto. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikabonyeza ya juu.

Ilikuwa ile nzima.

Hapa Kigali, makanga wa Kayole aliita watu wa tao mbele ya kiongozi wa mtaa. Chuma kikalia, mayai yakatangazwa. Nilitafuta pa kuzima, vidole vimejaa udongo. Nilipopapata ilikuwa imefika kwa yule mama. "Maji imekuja! Maji imekuja!" Bibi mmoja anayejua Kiswahili akasimama akauliza yako wapi. Shemeji alitazama chini, na hiyo suruali yake ilikuwa bado haina hata kunyanzi.

Huko Buruburu ndiko kulikoharibika. Sylvance amenieleza alasiri, akicheka halafu akijizuia halafu akicheka. Sauti ilitoka kwenye spika zangu zote nne. Phase nzima, mtaa wote ule, ilisikia! Watu wakatoka kila geti na ndoo, mitungi, masufuria, mmoja na beseni la mtoto likiwa na sabuni. Wakatazama barabarani, na kweli, lori la maji lile pale. Walilimaliza kabla mpishi hajajaza sufuria ya kwanza. Wakwe walisimama kuwapisha njia. Mbuzi mmoja wa mahari alikatika kamba.

Amolo alipomtafuta Padri Ezekieli amlipe pesa za lori, akaonyesha namba iliyompigia. Maurine alikuwa amekuja naye. Akaisoma kwa sauti: inaanza na tarakimu za Rwanda. Akakumbuka maombi ya Mama. Mambo yakaisha hapo. Maurine ndiye aliyempeleka Amolo safari ya pili, na yeye mwenyewe akashika ndoo kusaidia wapishi. Chakula kilichelewa lakini kililiwa.

Mzee alipiga jioni. Nilitamani agombe. Hakugomba. Alisema mahema yalikuwa mazuri, Sylvance ni kijana wa adabu. Kisha akaniuliza kama ni kweli nimeenda kumwona mtoto wa dada yangu. Nikasema ni kweli. Akasema ningemwambia hivyo tangu Jumapili, angenibebesha zawadi ya mtoto na angemkubali Sylvance kama mimi mwenyewe. Hakuna mzazi angekataa. Akanitakia usiku mwema, akaniita Bwana Gichuru, na kabla ya leo alikuwa ananiita mwanangu.

Nimeona aibu. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Mtoto alikuwa analia. Njoki akaja, akaniuliza tu kama ile rekodi bado ipo. Nikaiweka, kwa sauti ndogo. Hatimaye nikambeba mtoto. Ni mwepesi, ana paji la Mama. Alilala makanga akiita. Njoki akakaa kando yangu akisema yule ni kinyozi wa karibu na stoo, sivyo? na yule wa mayai bado hajapata sauti nyingine? Miaka minne hajarudi nyumbani. Aliomba nimwachie rekodi, nzima, na huyo mama wa maji asikatwe.

Nimemwachia simu ya zamani. Sijui kwa nini nililia nami.

Jumapili, 31 Agosti. Kigali.

Kanisa limechagua. Maurine. Ni haki yake, nimesema hivyo kwa sauti na Mama akaniwekea mkono begani. Nimemwambia Mama kwamba nimejifunza. Kuanzia leo ni ukweli tu.

Kisha, baada ya chai, Matheka akapiga. Hakukasirika hata kidogo! Sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake. Anasema mtaa mzima unazungumza kwamba Gichuru sasa ana ofisi Kigali. Anasema hakujua anashughulika na mtu wa kimataifa. Ana binamu Kitengela anayefungua hoteli, hataki mahema ya mtaani, anataka mtu wa nje. Akauliza nitakuwa huku mpaka lini.

Nikatazama mizigo yangu mlangoni. Ndege ni kesho asubuhi. Mama anabaki na mtoto.

Nikasema niko huku mwaka mzima.

Mpango ni rahisi na hauna kasoro. Nikifika Kayole nitaingia stoo kwa mlango wa nyuma, nitafunga madirisha, na nitapokea simu zote kwa laini ya Kigali. Kelele za Spine Road? Nimelifikiria hilo pia! Mchana kutwa nimekaa juu ya ukuta wa shemeji, nikarekodi kimya. Kimya safi, cha gharama, mtu akikisikia anajua anaongea na tajiri. Ndege mmoja tu, fagio kwa mbali.

Mwishoni Mama anasikika kidogo akiniita jikoni, kwamba Gichuru, kesho ukifika Kayole usisahau kuwalisha kuku wangu. Lakini hiyo iko mwishoni kabisa, na hakuna mtu husikiliza mpaka mwisho.